Sauti Iliyobaki Darini

Gizani, kabla mitambo ya hariri haijaanza kugonga mtaani, ulisikika mwayo wa mtoto darini. Honorine Vasselin akafumbua macho, akangoja. Siku zote maneno yalikuja baada ya mwayo wa pili.

"Mama, maji."

Akainuka, akapapasa mtungi, akamimina maji kikombeni na kukisogeza karibu na mto usio na kichwa. Punde sauti ikashusha pumzi kama ya mtu aliyekata kiu. Maji hayakupungua. Honorine akayanywa mwenyewe, akawasha mshumaa, akaketi kuandika.

Aurélie, bintiye wa miaka saba, hakuwapo. Baba yake, Théodore Rabier, mume aliyetengana na Honorine, muuza vifungo wa kule chini kando ya mto, alikuwa amekuja na askari wawili mwanzoni mwa baridi akamchukua, kwa kuwa sheria ilisema mtoto ni wa baba. Alimbeba upesi mno. Mtoto alikuwa angali anapiga kelele. Mwili ukatangulia, sauti ikachelewa, na mlango ulipofungwa sauti ilikuwa upande wa mama.

Wenye nyumba, wafumi kama karibu kila mtu katika mlima ule wa Lyon, waliizoea mapema.

"Haili, haichafui shuka," alisema Mama Chavanon. "Wangu sita wangekuwa hivyo, ningenenepa mimi."

Mumewe, Baptiste, hakuwa na neno nayo, ila ilipoimba naye yuko katikati ya nakshi.

"Aurélie, mwanangu, nyamaza kidogo. Nitaharibu kitambaa cha watu."

"Samahani, mjomba," ilijibu kutoka kwenye boriti.

Kazi ya Honorine ilikuwa kuandika, na kuyabeba aliyoyaandika kwa miguu mji hadi mji, akiwaambia wafanyakazi waungane wawe chama kimoja, wanaume kwa wanawake. Wafumi walimshangilia aliposema juu ya ujira. Alipofika kwenye habari za wake zao na watoto, walianza kutafuta kofia zao.

"Dada Honorine," Baptiste alimwambia, "sisi tuna njaa, wewe unatuletea ugomvi wako na mumeo."

"Nyamaza wewe!" mkewe akamdaka. "Nyuzi zako anakuungia nani, paka? Mkutano ujao nitakaa mbele, na utanipisha kiti."

Krismasi ilipokaribia, tarishi wa mahakama alipanda ngazi akihema. Rabier alikuwa amelalamika kwamba amekabidhiwa mtoto pungufu. Mtoto anatembea, anavaa, anakula, lakini akifungua kinywa hakitoki kitu. Alitaka kilichosalia.

"Sasa sauti inabebwaje?" aliuliza Mama Chavanon.

"Hilo mahakama haikuniambia, mama. Mimi nimepewa karatasi, nami nimeileta." Akala njugu moja ya kuchoma aliyokaribishwa, akashukuru, akashuka.

Honorine hakukusudia kutii. Alifunga mizigo yake. Angeihamisha sauti mji baada ya mji, wala tarishi asiipate, na kila alfajiri ya maisha yake angeusikia ule mwayo. Hilo lilimtosha. Mtu aliyenyang'anywa mkate hadharau makombo.

Lakini alfajiri ya kuondoka hapakuwa na mwayo. Sauti ilikuwa inalia.

"Mama, tumbo. Tumbo linaniuma."

Honorine alipapasa godoro, na godoro halikuwa na tumbo. Alijifunga shali, akateremka mlima mbio katika ukungu, akaugonga mlango wa Rabier kwa ngumi zote mbili. Kijakazi alisogeza mdomo kwenye tundu la kitasa.

"Mtoto hajambo, bibi. Amelala kimya. Hajalalamika hata kidogo."

Hakumfungulia. Honorine alipanda mlima polepole, na darini sauti iliugulia mpaka jua lilipotoka.

"Nitairudisha," alisema.

"Una wazimu, shoga?" Mama Chavanon aliuacha uzi aliokuwa akiuunga. "Hicho ndicho pekee ulichobakiwa nacho!"

"Akiugua tena, atamwita nani, naye hana cha kuitia?"

Mama Chavanon aliushika tena uzi wake, lakini hakuuona.

Siku ya kesi hakimu alikuwa na mafua. Aliuliza kama sauti ipo.

"Nipo," ilisema kutoka ndani ya shali ya Honorine. "Naomba kusema."

Hakimu alieleza kwamba sauti isiyo na mwili si shahidi, na ikishapata mwili itakuwa ya mtoto mdogo, ambaye pia si shahidi. Kwa hiyo inyamaze. Honorine naye aliomba kusema. Hakimu akamkumbusha kwamba mke hazungumzi mahakamani bila ruhusa ya mumewe. Rabier, mtu mwenye adabu, aliulizwa kama anaruhusu.

"Hapana, ahsante," alisema.

Aurélie akaletwa. Walikuwa wamemkata nywele. Honorine alipiga magoti mbele yake, akaifungua shali karibu na midomo yake.

"Nenda, mwanangu," alinong'ona, maana kunong'ona hakukuandikwa katika sheria. "Ukiumwa, piga kelele. Usione haya. Piga kelele mpaka waamke."

Shali ilitikisika kidogo. Kisha ikawa shali tu. Mtoto akakohoa kama aliyemeza maji baridi.

Karani akaandika kwamba mtoto sasa ni kamili. Hakimu akapenga kamasi, akaita kesi ya mbuzi. Rabier akamshika binti yake mkono, si kwa ukali, akamwongoza kutoka, na watu waliosimama njiani wakawapisha. Mlangoni Aurélie akageuka nyuma. Aliijaribu midomo kwanza, bila neno, kisha akasema kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia:

"Mama, kule kwa baba hakuna mtu anayenisikiliza."