Karata Tatu za Katikati

Mang Isagani alikuwa mpishi wa meli mpaka alipostaafu. Sasa kila mchana, akishakula, anapanda ngazi hadi kasinoni kwetu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rehani mtaani Cubao, kucheza poka. Meza yetu ni ya madau madogo na wachezaji ni wale wale: yeye, Aling Pacing, mama anayeuza samaki wakavu sokoni, Mang Turo mwenye jipni moja mbovu ya kubeba abiria, na wengine wawili watatu wanaokuja na kupotea. Mimi ndiye mgawaji wa karata.

Kazi yangu nyingine ni kukata. Raundi ikiisha, kabla sijamsukumia mshindi chipu zake, vile visahani vya plastiki vya kuchezea badala ya pesa, natoa fungu la kasino na kulidondosha kwenye tundu lililo pembeni ya meza, lianguke sandukuni. Kwenye meza za matajiri fungu hilo halionekani. Kwetu linauma. Siku moja wote walinyanyuka wamepoteza.

"Sasa kashinda nani?" Aling Pacing akauliza.

Mang Turo akaelekeza kidole kwenye tundu. "Huyo hapo. Hali, haendi chooni, na hajawahi kushindwa."

Kanuni moja tu ilikuwa na huruma: raundi ikimalizika kabla sijafunua karata tatu za katikati ya meza, zile za wote, sikati kitu. Mang Isagani akaishikilia hiyo, akawashawishi na wenzake. Mmoja anapandisha dau, wengine wanatupa karata, aliyepandisha anachukua vidau vya lazima vilivyowekwa mwanzoni, basi. Raundi ifuatayo, zamu ya mwenzake. Chipu zikawa zinazunguka meza bila hata moja kuanguka.

"Huu ni mchezo au tunasogezeana vyombo?" Aling Pacing alilalamika.

"Tunapumua, Pacing. Pumua na wewe," Mang Isagani akamjibu.

Walipumua hivyo wiki nzima, wakipiga miayo.

Mkataba wangu, kama wa wagawaji wote, ni wa miezi mitano, na ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Nilisomea uhasibu, lakini kazi niliyoipata ni hii, na mdogo wangu anasoma kwa kazi hii. Kwa hiyo Bosi Rodel aliponiita ofisini, nilikwenda nikihesabu siku zilizobaki.

Alikuwa anakula pansit, tambi za kukaanga. "Luningning, sanduku la meza yako jepesi. Wamekubaliana?"

"Sijui, bosi. Labda wanapata karata mbaya."

"Wote? Wiki nzima?" Akacheka. "Naweza kuwafungia mlango, lakini nitabaki na viti. Sikia. Kesho hugawi. Utakaa nao ucheze, chipu nitakupa mimi. Mtu akipandisha dau, wewe unafuata, unaweka sawa na lake."

"Bosi, mimi hata kucheza sijui vizuri."

"Nani kakwambia ucheze? Nimesema ufuate. Karata nzuri, karata mbovu, unafuata, ili zile tatu zifunuliwe. Sanduku likijaa, mkataba upo. Lisipojaa, tunakushukuru kwa kazi."

Kesho yake Dodong, mgawaji mwenzangu, alikaa kwenye kiti changu, nami nikakaa upande wa wachezaji.

"Mhasibu kaja kutufilisi!" Mang Turo akapiga makofi. Aling Pacing akanisogezea bakuli lake la chicharoni, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

Mang Isagani akapandisha dau. Wote wakatupa. Nikabaki mimi, mkononi nina saba na mbili, karata mbovu kuliko zote.

"Tupa, mwanangu," akaninong'oneza, akitabasamu.

"Nafuata."

Tabasamu likabaki usoni pake, halijui liende wapi. Dodong akafunua karata tatu. Nilishindwa, lakini kabla Mang Isagani hajapewa chipu zake, nilisikia mlio wa tundu. Raundi iliyofuata nilifuata tena. Ya tatu nilishinda kwa karata za ovyo kabisa, ikabidi nizivute chipu za Aling Pacing kwa mikono yangu miwili.

"Ning, umerogwa leo?"

"Samahani, Aling Pacing."

"Usiniombe samahani, we mtoto. Tupa karata!"

Sikuinua uso. Mang Turo alikuwa anazitazama chipu zangu. "Huyu hajapita kwa keshia," akasema taratibu. "Hizo ni za kasino."

Nilingoja nitukanwe. Ningetukanwa, ningeona nafuu.

"Mkataba wako unaisha lini?" Mang Isagani akauliza.

"Mwisho wa mwezi."

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Dodong alikuwa ameshagawa.

"Pacing, una nini?"

"Takataka."

"Fuata."

"Na takataka?"

"Fuata, mama wee. Turo?"

"Zangu mbovu kuliko jipni yangu."

"Na wewe fuata. Leo tunaona karata zote."

Dodong alitakiwa kuwakataza wasizungumzie karata zao. Akajifanya kiziwi.

Wakafuata, raundi baada ya raundi. Ninaloona haya kulisema ni kwamba walifurahi. Kelele zilirudi, matusi ya mapenzi yakarudi. Mang Turo alishinda raundi moja nono akacheza ngoma juu ya kiti. Huku mkono wa Dodong unakata, unadondosha. Nilitaka kuwaambia basi, inatosha, lakini nikaendelea kufuata, na sijui kama ni kwa aibu au ni kwa ule mkataba. Jioni Aling Pacing alirudi nyumbani kwa miguu, kwenye mvua.

Siku zote zilizobaki wakacheza hivyo hivyo.

Mwisho wa mwezi Bosi Rodel akanisogezea karatasi. Miezi mitano mingine. Nikasaini, halafu nikajikaza. "Bosi, nihamishie meza nyingine. Yoyote."

"Kwa nini? Pale wanakupenda."

Nikatoka. Walikuwa wameshakaa, Dodong amesimama, ananingoja nimpokee. Mang Turo hakuwepo. Walisema jipni imeuzwa.

"Umesaini?" Mang Isagani akaniuliza.

"Nimesaini."

"Afadhali." Akapanga chipu zake, zilikuwa chache. "Haya, gawa, mwanangu."

Nikagawa. Aling Pacing akazitazama karata zake, akakunja uso, akasukuma chipu mbele.

"Nafuata," akasema.