Tyubu Iliyoomba Kazi Nyingine

Usiku wa jana niliota niko kibandani kwa fundi Lugwisha, pale sokoni Maswa, ila jiko langu lilikuwa humo humo na uji unachemka. Baiskeli ya binti yangu Minza imepinduliwa, magurudumu juu. Asubuhi alitakiwa ampeleke mwanawe mchanga kliniki, na njia yote ni pori. Mchana nilikuwa nimekataa tyubu mpya. Nilimwambia fundi aitie ile ile ya zamani kiraka.

Sasa fundi ananiambia kila kinachovuja sharti kizamishwe kwenye beseni. Nikaona ni haki. Akaanza na mimi. Goti langu la kushoto likatoa mapovu madogo madogo. Akaliparuza kwa msasa, akapaka gundi, akapuliza ikauke, akabandika kiraka.

"Hili litashika, Bibi. Limetoboka mahali pazuri."

Kisha akaizamisha tyubu. Viraka vyote vimenyamaza. Mapovu yanatoka pale shinani mwa valvu, panapojazwa upepo.

Tyubu ikakohoa maji, ikaniamkia shikamoo. Nikaitikia. Nikaiambia isijidekeze, mbona kanga yangu ina viraka na naivaa mpaka msibani.

"Kanga ikichanika, Bibi, unaona aibu tu," ikasema. "Mimi nikichanika, mtoto yuko mgongoni."

Fundi akainama. Akasema tyubu iliyotoboka ubavuni huitia kiraka bila wasiwasi, lakini penye valvu kiraka hakishiki. Tobo hilo aliliona tangu mchana, akashindwa kumbishia mtu mzima.

Mara beseni likawa barabara. Hakuna nyumba, hakuna mti wa kivuli. Minza yuko mbele kabisa, anasukuma baiskeli, mtoto analia. Namwita, hasikii. Tyubu inaning'inia begani kwangu, inapumua kwa shida.

"Basi nikutupe?" nikaiuliza.

"Nani kasema kutupa? Upepo ndio umenishinda. Mzigo naufunga vizuri tu."

Nikaamka, kumekucha. Nje Minza ameshambeba mtoto mgongoni, amesimama anaitazama baiskeli. Tairi la nyuma limelala chini, tupu, na hakuna aliyelifungua. Tyubu iko nyuma kwenye keria, imeufunga mfuko wa nepi, imekazwa barabara.

"Mama, umefunga wewe?"

Nikamwambia tupitie kwanza kwa Lugwisha, aweke mpya. Nikaligusa lile fundo. Lilikuwa bado linadondosha maji.