Kiini cha Kompyuta ya Mzee Alphonce

Kama kuna mtu Ikungi nzima aliyekuwa anaombea kompyuta ya mwenzake iugue, basi alikuwa Naftali. Si kwamba alikuwa na roho mbaya, hapana. Kijana mpole, fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Mtinko, shikamoo yake haimpiti mtu yeyote mwenye mvi. Ila kompyuta yenyewe ilikuwa ndani ya duka la stesheneri la Mzee Alphonce, na nyuma ya mashine ya fotokopi ya duka hilo alisimama Editha, binti wa Mzee. Sasa kompyuta ikiwa nzima, fundi ana sababu gani ya kwenda? Kwa hiyo kila alipoitengeneza aliacha kadosari kadogo, leo saa haisomi sawa, kesho sauti imepotea, ili wiki ijayo aitwe tena. Na akiitwa alikuja mbio, shati limenyooshwa utafikiri anakwenda kubatizwa.

Safari hii alipoitwa, dosari haikuwa yake. Printa kuukuu ya duka, ile ya plagi pana, ilikuwa imekufa kifo cha kweli, na Mzee alikuwa amenunua mpya, ya waya wa USB. Ameichomeka, taa inawaka, lakini kompyuta imekaa kimya kama haijaletewa kitu.

Kabla Naftali hajaingia, Editha alimdaka kibarazani.

"Jumamosi kuna watu wanakuja kutoka Kilimatinde," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaleta posa. Mshenga wao alishafika kwa baba."

Naftali alichungulia mlangoni. "Na baba amesemaje?"

"Amesema waje, atawasikiliza. Wewe si umelala! Mwaka mzima nakwambia tuma mshenga, tuma mshenga. Mjomba wako Hezekia ana kazi gani?"

"Mjomba Hezekia anaongea mno, Editha. Ataharibu. Ngoja kwanza mzee anikubali kwa kazi. Nikiiamsha hiyo printa leo, mbele ya macho yake, atanipenda mwenyewe. Hapo ndipo nitatuma."

Editha alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. "Haya. Nenda kapendwe," akasema, akarudi kwenye fotokopi yake.

Ndani, Mzee Alphonce alikuwa amesimama juu ya ile printa, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimetapeliwa au sijatapeliwa?"

"Hujatapeliwa, mzee. Ni kiini tu."

Naftali alikuwa ameujua ugonjwa tangu mlangoni. Zamani kompyuta ile ilipokuwa inajikongoja, aliitengenezea upya kiini cha mfumo wake, kile ambacho mafundi wanakiita kerneli, sehemu ya ndani kabisa inayoifundisha mashine namna ya kukitumia kila kitu kilichochomekwa. Ili kiwe chepesi, aliondoa yote ambayo duka halikuwa nayo, na printa ya USB duka halikuwa nayo. Sasa ilikuwa ni kufungua ile orodha ndefu ya kuchagua, kuweka alama kwenye printa za USB, kutengeneza kiini kipya, kuwasha upya, basi. Kazi ya kufanya huku unakunywa chai.

Balaa ni kwamba Mzee alivuta kigoda akakaa ubavuni kwake. Na Mzee Alphonce, kama humjui, ni mtu asiyevumilia kitu kisicho na kazi ndani ya nyumba yake. Aliwahi kuuza kochi kwa sababu watu walikuwa wanalikalia.

"Hivi vyote vimo ndani ya kompyuta yangu?" aliuliza, macho yakifuata ile orodha inayoshuka.

"Ndiyo, mzee. Kila kimoja unachagua, kibaki au kitoke."

"Hiki cha nini?"

"Cha redio za upepo, zile za kuitana."

"Tuna redio ya upepo hapa?"

"Hatuna."

"Toa. Na hiki?"

"Cha vile vijiti vya kuchezea michezo kwenye kompyuta."

"Michezo! Toa haraka. Ndiyo maana kazi haziendi humu."

Nyuma ya fotokopi Editha aliguna. Naftali yeye alikuwa anaelea. Mzee anasema toa, yeye anatoa. Mzee anacheka, yeye anacheka. Moyoni alishaanza kumwita baba, na Jumamosi ya watu wa Kilimatinde aliiona ikiyeyuka kama mafuta juani.

"Na hiki?"

"Hivi ni vifaa vya USB vya kushikwa na binadamu."

"Binadamu gani?"

"Binadamu tu, mzee. Yaani..."

"Hata hujui binadamu gani! Toa."

Loo! Hapo Naftali alijua fika kinachotolewa. Vifaa vya kushikwa na binadamu ni kibodi na mausi, na kibodi na mausi vya duka lile vilikuwa vya USB vyote viwili. Akafungua mdomo. Akamtazama mzee, akamtazama binti wa mzee, akaufunga mdomo. Jamani, na wewe ungefanyaje? Umtake mtu binti yake, halafu umwambie hapana kwenye kompyuta yake mwenyewe, juu ya kigoda chake mwenyewe? Alijidanganya kwamba mashine itajiongeza. Akatoa.

"Na hiki?"

"Kibodi za zamani, zile za plagi ya duara."

"Hiyo acha. Vitu vya zamani havina longolongo."

Mwishoni kabisa Naftali alijaribu kujiokoa. "Kile kiini cha mwanzo, mzee, huwa tunakiweka pembeni. Likitokea la kutokea, tunakirudia."

"Viini viwili kwenye kompyuta moja? Toa."

Akatoa.

Mashine ilipokuwa inapika kiini kipya, Mama Rahabu, mke wa Mzee, alileta ugali wa mtama na mlenda, na pembeni kuku. Mzee alimsogezea Naftali paja kwa mkono wake mwenyewe. Kijana alilila lile paja taratibu, kwa heshima, kama mkwe.

Halafu wakawasha upya. Kompyuta iliamka vizuri tu, ikaomba nywila. Naftali akaandika. Hakuna kitu. Akasukuma mausi, kishale hakikutikisika. Kibodi haikuwa na taa hata moja.

"Andika basi," alisema Mzee.

"Naandika, mzee."

"Mbona hakiandikiki?"

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri mlangoni wakasogea ndani ili waone vizuri. Naftali aligonga ile kibodi, akaichomoa, akaichomeka, akaipuliza. Editha alikuwa amejifunika uso kwa karatasi, na haikujulikana analia au anacheka.

"Umeniulia kompyuta," alisema Mzee Alphonce polepole, kisha akayamalizia mengine kwa Kinyaturu, na yale mengine hayakuwa ya kumsifia mtu.

Ni wewe uliyesema toa! Maneno hayo yalifika kwenye meno ya Naftali, na hapo hapo akayameza. Akakumbuka. "Mzee, ile kibodi yenu ya kwanza kabisa, ya plagi ya duara, bado ipo?"

Mzee akamgeukia mkewe. Mama Rahabu akainama kidogo. "Ipo," akasema. "Ndiyo inayozuia mlango wa banda la kuku."

Naftali alikwenda mwenyewe, akapiga magoti bandani na shati lake lililonyooshwa, akaivuta kibodi huku kuku mmoja akimdonoa kidole gumba. Akaikwangua kinyesi, akaifuta, akaizima kompyuta, akachomeka, akawasha. Taa tatu za kijani zikawaka. Duka zima likanuka banda, lakini herufi zilikuwa zinaandikika.

"Si nilikwambia vya zamani?" Mzee alirudi kwenye kigoda chake amefurahi. "Sasa chapisha twende."

"Kwanza nirudishe kitu kimoja, mzee." Naftali alifungua ile orodha, akashuka hadi kwenye vifaa vya binadamu.

"Hicho tulishakitoa. Kibodi hii inatosha. Toa."

Naftali aliweka vidole juu ya zile herufi chafu. Aliwaza Jumamosi. Akawaza pia kwamba kwa kusema ndiyo tangu asubuhi, amebaki na kibodi ya kuku.

"Hapana, baba," akasema. "Hiki hakitoki."

Editha akaizima fotokopi.

"Unasemaje?"

"Hakitoki. Nilijua tangu mwanzo kwamba ndicho kibodi na mausi, nikaogopa kukukatalia. Kosa ni langu." Hakuishia hapo. "Baba, kiini ni kama mwenye nyumba. Hakiongei na mgeni hivi hivi. Kibodi, mausi, printa, kila mmoja lazima aje na mshenga wa kumsemea, huyu ni nani, ametoka wapi, ametaka nini. Hivi tunavyovitoa humu ndio washenga wenyewe. Mgeni asiye na mshenga anabaki mlangoni anapiga hodi. Kiini kinamwona, ila hakimwitikii."

Mzee Alphonce alikuna kidevu.

"Weka," akasema.

Akaweka. Safari hii hakuna aliyeletewa paja. Walisubiri tu, wakawasha upya, mausi ikatembea, kibodi ya USB ikawaka, na ile printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa wa maandishi meusi safi. Wateja wakapiga makofi. Mzee aliushika ule ukurasa ungali na joto, akaugeuza huku na huku.

"Naftali."

"Naam, baba."

"Kompyuta yangu inaugua kila wiki, mwaka mzima. Unadhani mimi sikujua kwamba ugonjwa hauko kwenye kompyuta?"

Naftali alitamani arudi bandani kwa kuku.

"Sasa mgeni aliyesimama mlangoni kwangu mwaka mzima bila mshenga, ulisema kiini kinamfanyaje?"

"Kinamwona, baba," Naftali alijibu. "Ila hakimwitikii."

"Basi."

Naftali hakusubiri kuambiwa tena. Alitoka mbio hadi kibarazani, simu sikioni, na ndani wote walimsikia. "Mjomba Hezekia! Shikamoo. Hizo alizeti ziache, panda gari uje Ikungi leo hii. Ndiyo, kwa Mzee Alphonce. Ndiyo, uongee! Ongea mpaka uchoke!"

Editha alikuwa ameshika fotokopi kwa mikono miwili. Alisubiri, akaona baba yake bado anakagua ule ukurasa, akakosa subira.

"Na wale wa Kilimatinde, baba?"

Mzee Alphonce hakuinua hata macho.

"Toa."