Mgeni wa Miaka Sita

Ngo, ngo, ngo. Bakora ilitangulia kugonga ubao wa mlango. Hodi ya sheha, mkubwa wa mtaa, ikafuata, nzito, ya mtu aliyezoea kukaribishwa kabla hajamaliza kuita. Jikoni, Kidawa aliiacha nazi juu ya mbuzi, akajifuta mikono kangani. Siku nne alikuwa akiisubiri hodi hiyo.

Mtaani lilishapita tangazo: wanawake wasio na makaazi wataandikwa, na watakaoandikwa ndio watakaofikiriwa vyumba. Kidawa, tangu aachwe na kumaliza eda, mwaka wa sita huu, alikuwa akizungushwa kama sinia la kuazima. Mwezi huu kwa mdogo wake Machano, mwezi ujao kwa shangazi yao kule Bububu, kisha kwa binamu aliyeko Chukwani. Kila nyumba alifua, alipika, alilea. Kila nyumba aliitwa mgeni.

Sheha alikuja na msichana aitwaye Nadhira, kishikwambi mkononi. Aliyejibu maswali ni Machano, kwa kuwa ndiye mwanamume. Machano huyo Kidawa alimbeba mgongoni na kumpangusa makamasi. Leo ndevu zimemtoka, anamsemea. Wakaazi ni watano, alisema. Na yule wa jikoni? Nadhira akauliza. Dada yake, kaja kuwatembelea.

Nadhira alieleza kwa adabu kuwa mgeni haandikwi alikotembea, huandikwa kwao. Sheha akaitikia kwa kichwa, kwa hekima, ile isiyomgharimu mtu kitu.

Kidawa akatoka jikoni.

"Shikamoo, sheha. Mwanangu, niandike. Sina kwangu."

Sheha alisahau kuitikia. Machano alitazama chini.

"Bi Kidawa," sheha alisema, "ndugu yako huyu mzima, ana nyumba, ana bati jipya. Tukikuandika wewe huna makaazi, yeye tumwandike nini?"

"Mwandikeni mwenye nyumba. Mimi niandikeni nilivyo."

"Usituvue nguo mbele ya mtoto wa watu," sheha akamkata.

Wanaume wawili wazima, na heshima yao yote wameitundika kwa mwanamke asiye na pa kutundika kanga yake.

"Mama," Nadhira aliuliza, macho kwenye kioo, "jana ulilala wapi?"

"Hapa ukumbini. Baada ya wenyewe kuzima televisheni."

"Juu palikuwa na paa?"

Kidawa aliinua macho kwenye bati jipya.

"Lilikuwepo."

Kidole kikagusa kioo: mwenye paa ana makaazi. Swali likapita. Sheha akatia sahihi: katika shehia yake, wanawake wasio na makaazi, hakuna. Mwaka wa tatu huu hakuna, alisema, kama kwamba nyumba hizo kazijenga yeye.

Nyuma yao Shadya, mke wa Machano, alishaanza kuukunja mkeka wa wifi yake. Mama yake Shadya anakuja alasiri kutoka shamba, na ukumbi ni mmoja. Alimnong'oneza Kidawa awahi gari ya Chukwani. Binamu wa Chukwani tangu asubuhi hapokei simu.

Machano aliwasindikiza sheha na Nadhira hadi barazani, akaushika mkono wa sheha kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Dada yangu hatolala nje, sheha. Maadamu mimi nnapumua, nnakuahidi."