Nukta Yenye Mkia

Mama Mitambo ndiye aliyeitunza seva ya barua pepe ya kampuni tangu iliposimikwa, na kwenye mipangilio yake kila orodha ya anwani ilitenganishwa kwa nukta pacha. Hiyo ilikuwa sheria yake, na wa kuigusa hakuwapo.

Sasa zikaja anwani za mtandao za mtindo mpya, ambazo zenyewe zina nukta pacha tumboni. Seva ikikutana na anwani moja inaikatakata kama nyanya, na barua za matawini zinakataliwa. Mkamwana wake, aliyeajiriwa ofisi hiyohiyo kwa bidii yake mwenyewe (wenye wivu na waseme), alikuwa na dawa.

“Mama, tutenganishe kwa nukta mkato. Kazi ya asubuhi moja tu.”

“Labda niwe nimekufa!”

Msichana wa watu akanywea. Wenzao wakacheka chinichini: bibi king'ang'anizi. Laiti wangejua! Mama Mitambo hakuwa na ugomvi na nukta mkato, hakuiona, basi. Macho yalikuwa yanamwishia. Hata akikuza maandishi na kubandika pua kwenye kioo, kile kimkia cha nukta hakikuonekana, na mipangilio usiyoweza kuisoma huwezi kuitunza. Wakubwa wangempumzisha kwa keki na hotuba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu angeumbuliwa na nukta, na hofu hiyo ilimnyima usingizi.

Mkamwana akawa hasemi naye zaidi ya shikamoo. Kisha asubuhi moja akavuta kiti.

“Mama, nimepata njia. Mwanzoni mwa orodha tunaiambia seva alama tunayoitaka, nayo inatenganisha kwa hiyo. Orodha za zamani zinabaki na nukta pacha zako, haziguswi. Hizi mpya nimeziwekea mstari wima, mnene. Hebu tazama.”

Mama Mitambo akainama. Vijiti vyeusi vilisimama wima kati ya anwani, akavisoma vyote bila kubahatisha. Ndipo akaelewa, na machozi yakamlenga: alama nene namna hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya seva.

“Umejua lini?”

“Ulipoanza kuniita kwa jina la wifi yangu. Sikutaka kukusema mbele za watu.” Mkamwana akagusa kioo. “Lakini mstari unauona, Mama?”

“Mstari nauona vizuri, mwanangu,” akasema. “Uso wako ndio siuoni.”

Mkamwana akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

“Na hapa?”