Idadi Niliyoibuni

Kidole cha Mwalimu Severini, chenye chaki hadi kwenye ukucha, kilisimama chini ya jina la Bibi yangu gazetini.

"Tunu, umepona," alisema. "Gazeti la Dar. Mwandishi hana undugu na nyie. Lukasi atataka nini tena?"

Lukasi ni mhariri wa ensaiklopidia ya mtandaoni, sijawahi kumwona. Niliandika humo makala kuhusu Bibi Sikudhani, mkunga wa Mandawa, naye akaibandikia onyo: asipopatikana mtu wa mbali aliyemchunguza Bibi mwenyewe na kumwandika, Ijumaa inafutwa. Leo Alhamisi. Na Bibi kashatangazia kijiji kizima kwamba yumo kwenye kompyuta.

"Soma kwa sauti, mjukuu wa staa," Hafidha alinichokoza. Tunakaa dawati moja hapa Nachingwea.

Mimi sauti yangu huishia kwenye meno. Nikasoma hivyo hivyo, hadi mstari wa nne: *Mkunga huyo amezalisha watoto mia nane na kumi na mbili.*

Nikaacha kusoma.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Nilipomuuliza Bibi idadi, alinikata jicho. "Kwani mbuzi hao? Ukiwahesabu unakionyesha kifo walipo." Niliona haya kumrudia. Lakini makala bila namba niliiona nyepesi kama pumba, basi namba nikaibuni, humu humu chumba cha kompyuta. Sikumwambia mtu.

"Mwalimu," nikasema, "hili gazeti ni mimi."

"Ni wewe kivipi?"

Nikaeleza, macho sakafuni. Mwandishi wa watu hakufika Mandawa. Alisoma makala yangu, akainakili pamoja na uongo wangu, na sasa uongo umerudi umevaa suti, unataka kunitolea ushahidi.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nani mwingine anajua hiyo namba ulitunga?"

"Hakuna."

"Basi..." Neno likabaki linaning'inia. Hakulimalizia, wala hakunitazama. Alinisogezea kibodi tu.

Ningeweza kubandika kiungo cha gazeti nikaondoka. Badala yake nikamwandikia Lukasi: *Gazeti limenakili kwangu. Namba niliitunga mimi. Chanzo kingine sina.*

Lukasi alijibu kabla kengele haijalia: *Asante kwa kusema ukweli. Samahani, tunaifuta.*

Nilipobonyeza tena, jina la Bibi halikuwepo. Mahali pake palikuwa peupe, kama hajawahi kuzaliwa.

Hafidha alinifuata nje, muhogo mbichi mkononi.

"Eti hakuna anayemjua?"

"Hakuna aliyemwandika. Si kitu kimoja."

Akatafuna kwanza.

"Mimi kanipokea duniani Bibi yako. Kwenye trela la trekta, huko kijijini Chunyu, mvua inapiga, kitovu kakifunga kwa uzi wa kanga yake. Mama mpaka leo akisimulia analia. Sasa mimi si chanzo?"

Nilimtazama, mzima, utomvu wa muhogo kidevuni, ananisubiri nijibu.