Jicho la Kushoto la Askari

...usishindilie, alisema yule mzungu wa kwenye video, ngozi ya ndege si gunia, ukimjaza kuliko alivyokuwa hai mshono utafumuka, na mimi nimeshindilia, kifua cha Askari kimetuna kama cha shemasi anayesoma matangazo, na saa tisa ndiyo hii, Ronny hupiga simu ya video saa tisa kila Jumapili akitoka kazini huko Doha, na jicho la kushoto bado, ninalo hapa kwenye ncha ya kibano, shanga nyeusi ya mkufu wangu wa zamani, haitaki kukaa, udongo niliotia tunduni umeanza kukauka, tulia, Velma... la kulia limekaa, linanitazama, kanga gani huyu anayetazama watu hivi, alipokuwa hai hakuwa na muda wa kumtazama mtu, kazi yake kelele, mgeni akigusa geti mtaa mzima wa Mishomoroni unajua, ndiyo maana Ronny akamwita Askari, akamlea tangu kifaranga, akamwacha na agizo moja tu, mnitunzie, na Jumanne asubuhi tukamkuta chini ya tangi la maji, miguu juu, hana jeraha wala nini, na Mama hakusema maskini, alisema, Ronny asijue, kandarasi imebaki miezi sita, ndugu yako atavunjika moyo kule peke yake, na wewe si ulisomea wanyama? Nilisomea, Mama, shahada ya zoolojia, sikusomea kufufua... na wa kuanza naye, alisema mzungu, asiwe ndege unayempenda, maana wa kwanza utamharibu, shauri zuri, nililisikia nikiwa nishapasua kutoka kidari hadi mkiani, nishaivua ngozi polepole kama soksi iliyolowa, nakwangua mafuta, yakibaki atanuka, nikapaka unga wa boraksi ngozi isioze, nikakausha manyoya kwa mashine ya nywele ya jirani yetu Philister, aliyeuliza swali moja tu, "Na nyama mmeipeleka wapi?" tumezika, dada, "Mmezika kanga mzima! Nyinyi wasomi mtatuua," nikafunga nyuzi za makumbi ya nazi zikawa mwili, waya miguuni, waya shingoni, na kichwa, ambacho ni ngozi tupu, kikaanza kupoteza buluu na nyekundu yake, kikawa rangi ya ugoro, nikakipaka rangi ya kucha, mimi, niliyewahi kutoka katikati ya arusi kwa sababu bwana arusi alikuwa akilia machozi ya kamera...

simu hiyo, sebuleni, "Haloo, Ronny baba! Bwana asifiwe! Twashukuru Mungu, sote wazima... Askari? Yupo, yuala huko nyuma, Velma amleta sasa hivi," yuala, ati anakula, Mama akidanganya hajikwai, sauti ni ileile ya miaka tisa iliyopita, mimi niko Eldoret kwenye mitihani ya mwisho, kila jioni napiga, Mama nipe Baba, "Baba yako amelala, mwanangu, wewe soma," siku kumi na moja amelala, na siku ya tano nikagoma kukata simu, ndipo nikamsikia akikohoa kwa nyuma, nikapumua, nikarudi vitabuni, kumbe Baba yuko kaburini tangu siku ya tatu, na aliyekohoa ni Ronny, miaka kumi na minne, amesimamishwa kando ya simu, akaambiwa, kohoa kama baba yako... aliniambia mwenyewe, pale kaburini, nisamehe dada, na siku aliyoondoka akanishika mkono uwanja wa ndege, nikiwa mbali mimi, wewe uniambie, lolote lile, nikasema nitakuambia... "Velma!" abee, "Mlete!" bado jicho, Mama, na kila ndege ana upande wake wa kuonyeshwa, alisema mzungu, mshono uelekee ukutani... Mama huyu hapa mlangoni, simu kaibana kifuani, kiganja kimeifunika, ananong'ona, "Asema mbona hamsikii Askari. Hebu lia kidogo." Nilie? "Kama yeye. Mara mbili tu, halafu nitamwonyesha kwa mbali," na uso wake si wa mwongo, ni wa mtu aliyejitwisha kitu kizito na hataki mtoto apokee hata ncha, na mimi nataka kucheka, nimesoma miaka yote hiyo nije nilie kekekeke jikoni kwa mama yangu... na Baba alikuwa akimaliza kikohozi kwa kusema aah, kila mara, aah, kama mtu aliyetua mzigo, na kikohozi kile cha kwenye simu hakikuwa na aah, hakikuwa nayo, nilisikia, miaka tisa nimemkasirikia Mama na kumbe nilisikia, nilikuwa na mitihani mitatu imebaki, nikachagua kuamini kuwa ni Baba, nikafaulu... na Ronny atamsikia kanga wangu, atajua, atasema haya Mama, mpeni mtama, atakata simu, atakaa kitandani kule na jambo analolijua na hana wa kumwambia... shanga ingali kwenye kibano, tundu bado li wazi, kiganja cha Mama kimeteleza kidogo, namsikia Ronny mle simuni, mdogo sana, "Dada? Upo?" nipo, namgeuza Askari taratibu, mshono mbele, "Lia basi," Mama ananong'ona, nafungua mdomo, naye ananiitikia kwa kichwa kunitia moyo, akidhani ni kanga atakayetoka.